UZI: Wafranki, ufalme uliozaliwa Roma ikiwa bado hai

#1 Msomaji wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu wanahesabu faranga kila siku. Neno hilo limetujia kwa njia ya Kifaransa, na Wafaransa nao walilitoa kwenye jina la watu: Wafranki. Jina la Ufaransa chimbuko lake ni hilohilo. Ajabu ni kwamba Wafranki hawakuwa Wafaransa. Lugha yao ilikuwa ndugu ya Kiholanzi na Kijerumani, kwao ni kandokando ya mto Rhine, na kwa zaidi ya miaka mia kabla ya kupata mfalme wa kutajika walikuwa wanaingia jeshi la Roma kama askari. Wengine walipanda hadi kuwa majenerali.

Nataka tuzungumze namna watu hawa walivyopata ufalme. Wengi wetu shuleni tulipewa sentensi moja: Roma ilianguka mwaka 476, washenzi wakaingia, ukabaila ukaanza. Niliikariri na mtihani nikafaulu. Habari yenyewe nimeisoma ukubwani, na naona tulipitishwa mbio mahali ambapo tungepaswa kukaa.

Hoja yangu ni hii. Falme za kwanza za Ulaya zilizaliwa Roma ikiwa bado inapumua, na waliozilea ni Warumi wenyewe, hasa maaskofu na maofisa wa jeshi. Kilichozitenga na Roma, taratibu sana, ni namna ya kumlipa askari. Nitakwenda na Wafranki kwa sababu ndio ninaowafahamu. Wengine nitawagusa tu.

Tuanze na pesa, maana bila pesa habari hii haieleweki.

Dola ya Roma iliishi kwa kodi ya ardhi. Mkulima wa Galia, yaani Ufaransa ya leo na majirani zake, alilipa, na mkulima wa Afrika Kaskazini alilipa. Sehemu kubwa ya kodi hiyo ilikwenda kwa askari. Mwishoni mwa mwaka 406 Wavandali, Waalani na Wasuebi walivuka Rhine wakaingia Galia. Mwaka 418 serikali iliwapa Wavisigothi makazi Aquitania, kusini-magharibi mwa Galia, wawe washirika wa vita. Kila eneo lililochezewa namna hiyo lilipunguza kodi. Lakini pigo lenyewe lilitoka kusini: mwaka 429 Wavandali chini ya mfalme Geiseric walivuka bahari kutoka Hispania, na mwaka 439 wakaiteka Karthago. Pale ni Tunisia ya leo. Ndiko ilikotoka ngano na mafuta ya zeituni ya mji wa Roma, na kodi ya majimbo yale ndiyo iliyokuwa tegemeo la hazina ya dola ya Magharibi (ile ya Mashariki ilikuwa na kaisari wake Konstantinopoli). Mwaka 468 Kaisari Leo wa Konstantinopoli alituma kundi kubwa la merikebu kuirudisha. Geiseric akazisukumia mashua zinazowaka moto, zikateketea.

Baada ya hapo hazina ya Magharibi haikuinuka tena. Serikali isiyo na kodi haina askari, ina makamanda wenye watu wao tu.

Ndiyo maana mwaka 476 ulikuwa kimya kuliko tulivyofundishwa. Askari waliokuwa Italia, wengi wao wenye asili ya ng'ambo ya mpaka, walidai wapewe ardhi. Orestes, baba wa kaisari kijana Romulus, alikataa. Wakamfuata ofisa mmoja wao, Odoacer, Orestes akauawa, kijana akavuliwa cheo na kupelekwa kusini mwa Italia akiwa na posho ya kila mwaka. Odoacer akatuma mavazi ya kifalme Konstantinopoli kwa Kaisari Zeno, akatawala Italia kama mfalme. Mji wa Roma wenyewe haukuchomwa ili tendo hilo litimie.

Tieni alama hapo, wakuu: askari walidai ARDHI. Neno hilo tutalirudia.

---

#2 Binti Ramani

Asante kwa uzi. Ila umetuacha Italia, na Wafranki umesema wako Rhine. Mwaka huo wa 476 wao walikuwa na nini hasa? Mfalme? Mji? Au vikundi tu msituni?

---

#3 Msomaji wa Usiku

Dada, swali lako lina jibu la kushikika kwa mkono, kwa sababu tuna kaburi.

Tarehe 27 Mei 1653, katika mji wa Tournai, Ubelgiji ya leo, fundi mwashi aliyekuwa kiziwi na bubu alikuwa anachimba msingi karibu na kanisa la Mtakatifu Brice. Chepe lake likagonga dhahabu. Vikatoka upanga, mamia ya sarafu, na mapambo madogo ya dhahabu yenye umbo la nyuki, yapata 300. Katikati ya hayo yote kulikuwa na pete ya muhuri yenye maneno mawili ya Kilatini: CHILDIRICI REGIS, yaani "ya mfalme Childeric".

Huyu Childeric alifariki mwaka 481 au 482. Ni baba yake Clovis, mfalme atakayewaunganisha Wafranki.

Itazameni pete ile kwa makini, maana jibu lote la dada Binti Ramani limechorwa humo. Mtu aliyemo ana nywele ndefu zinazoshuka mabegani, alama ya wafalme wa Kifranki. Lakini amevaa deraya na joho la kamanda wa Kirumi, na mkononi ameshika mkuki. Maandishi ni Kilatini. Na matumizi ya pete ya muhuri yanatuambia kitu kingine: mtu huyu alikuwa anapeleka barua na amri za maandishi, na alikuwa na watu wa kuzisoma.

Kwenye kaburi kulikuwa pia na pini ya dhahabu ya kufungia joho begani, ya aina ambayo maofisa wakubwa wa Roma walivaa. Zaidi ya sarafu mia moja zilikuwa za dhahabu, zenye sura za makaisari wa Konstantinopoli hadi Zeno mwenyewe. Ni wazi kwamba Childeric alikuwa anapokea dhahabu kutoka Mashariki, na mtu halipwi dhahabu ya Kaisari bila kazi. Kisha katika miaka ya 1980 wachimbaji walirudi pale wakakuta, kando ya eneo la kaburi, mashimo yenye mifupa ya farasi 21. Hayo si mazishi ya Kirumi wala ya Kikristo.

Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa viwili. Kwa watu wake alikuwa mfalme wa ukoo mwenye nywele ndefu, anayezikwa kwa farasi. Kwa Warumi wa Galia ya kaskazini alikuwa kamanda wa jeshi lililobaki. Sidhani kama yeye mwenyewe aliona mgongano wowote.

Kuna jambo moja linalonifurahisha zaidi ya yote. Upanga wake na wale nyuki vimepambwa kwa vito vyekundu vya garneti. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba garneti nyingi za Wafranki za zama hizo zilichimbwa India na Sri Lanka. Maana yake vilivuka Bahari ya Hindi, hii hii yetu ya kaskazi na kusi, vikapita Bahari ya Shamu hadi Mediterania, kisha vikapanda hadi mji mdogo wa Tournai. Na hii ni baada ya 476, wakati ambao tuliambiwa giza limeshatanda na njia zote zimefungwa.

---

#4 Wakili wa Mtaa

Mkuu, nimesoma, lakini naona unawasafisha. Ukisema walilelewa na maaskofu mtu atadhani walikuwa vijana wa kwaya. Huyo Clovis ninayemsoma mimi alikuwa mtu wa damu. Aliua ndugu zake wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Usituruke hapo.

---

#5 Msomaji wa Usiku

Wakili, siruki. Tena nakuongezea ushahidi.

Clovis alirithi akiwa kijana wa miaka kama 15. Tuna barua aliyoandikiwa na Remigius, askofu wa Reims, karibu na wakati huo. Nawaomba muisome kwa akili ya mtu wa ofisini. Askofu anasema habari imewafikia kwamba Clovis ameshika uongozi wa Belgica ya Pili. Belgica ya Pili ni jina la jimbo la Kirumi. Anamshauri awasikilize maaskofu wake, achague washauri wema, ahurumie wajane na yatima, na mlango wa baraza lake uwe wazi. Clovis wakati huo ni mpagani, na barua haimwambii aongoke. Askofu anamwandikia kama ambavyo kiongozi wa dini wa mahali angemwandikia mkuu mpya wa mkoa.

Mwaka 486 Clovis alimpiga Syagrius, Mrumi aliyekuwa anatawala eneo la Soissons kwa jina lake mwenyewe. Syagrius akakimbilia kwa Wavisigothi, wakamkabidhi, akauawa kimyakimya.

Hapo ndipo penye kisa cha chombo cha Soissons. Anatusimulia Gregory, askofu wa Tours, aliyeandika karibu miaka mia baadaye. Jeshi lilipora chombo kizuri cha kanisa, askofu akaomba arudishiwe. Wakati wa kugawana nyara Clovis akawaomba askari wamwongezee chombo hicho juu ya fungu lake. Wote wakakubali isipokuwa mmoja, aliyeinua shoka akakipiga chombo, akamwambia mfalme kwamba atapata kile tu ambacho kura itampa. Clovis akanyamaza. Mwaka uliofuata, katika gwaride la mwezi Machi, alikuwa anakagua silaha za askari. Alipomfikia yule mtu akamkemea kwamba silaha zake ni chafu, akalitupa shoka lake chini. Askari alipoinama kuliokota, Clovis akampasua kichwa, akisema ndivyo ulivyokifanyia kile chombo pale Soissons.

Tazama mwanzo na mwisho wa kisa. Mwanzoni ni kiongozi wa kundi la vita, anaomba kama wenzake, na mtu anaweza kumkatalia mbele ya wote. Mwaka mmoja baadaye anaua hadharani, na kwa mujibu wa Gregory waliosimama pale waliingiwa na hofu kubwa. Sina uhakika kila neno la Gregory lilitamkwa, ila sijaona maelezo mengine yanayoonyesha vizuri hivi jinsi kamanda anavyogeuka mfalme.

Na ndugu zake, ni kama ulivyosema. Wafalme wadogo wa Kifranki walikuwa kadhaa: Sigibert Kiwete wa Cologne, Ragnachar wa Cambrai, Chararic. Wote waliondolewa. Sigibert aliuawa na watu waliotumwa na mwanawe mwenyewe aliyechochewa na Clovis, kisha huyo mwana naye akauawa akiwa ameinama juu ya sanduku la hazina. Gregory anasema mwishoni Clovis alilalamika kwamba amebaki kama mgeni, hana ndugu wa kumsaidia siku ya shida, na anaongeza kwamba alisema hivyo apate kujua kama kuna yeyote aliyebaki wa kuuawa. Askofu aliyeandika maneno hayo ndiye huyohuyo anayemsifu kwamba alitembea kwa moyo mnyofu mbele za Mungu. Mimi sentensi hizo mbili kuwekwa pamoja bado zinanisumbua.

---

#6 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefuatilia kimya. Niulize lile ambalo wanafunzi waliniuliza miaka mingi: ubatizo wa Clovis ulikuwa imani au siasa?

---

#7 Msomaji wa Usiku

Shikamoo Mwalimu.

Nijibu kwa kuanza na mke wake. Clotild alikuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Waburgundi, na alikuwa Mkatoliki. Mtoto wao wa kwanza, Ingomer, alibatizwa kwa kusihi kwa mama yake, akafa akiwa bado na nguo nyeupe za ubatizo. Clovis akamlaumu mkewe: angewekwa chini ya miungu yangu angeishi. Wa pili, Chlodomer, akabatizwa naye akaugua. Huyu akapona. Mama aliyezika mtoto mmoja akathubutu kumpeleka wa pili kwenye kisima kilekile, huyo kwangu ndiye mtu mwenye imani katika habari hii yote.

Clovis mwenyewe, anasema Gregory, aliapa katikati ya vita na Waalamanni kwamba akishinda atabatizwa. Akashinda. Remigius akambatiza Reims siku ya Noeli, pamoja na askari zaidi ya elfu tatu. Mwaka wanabishania: wengine 496, wengine wanaivuta hadi 508.

Siasa yake iko hapa. Wavisigothi, Waostrogothi, Wavandali na wengi wa Waburgundi walikuwa Wakristo tayari, lakini wa mafundisho ya Ario, yasiyomhesabu Mwana kuwa sawa na Baba. Raia Warumi waliowatawala walikuwa Wakatoliki. Mfalme anasali kanisa lake, raia na askofu wao wanasali lao. Clovis alipochagua kanisa la raia, kila askofu wa Galia alipata sababu ya kumtaka. Avitus, askofu wa Vienne, aliyekuwa anaishi chini ya mfalme mwingine kabisa, alimwandikia barua ya pongezi akisema imani yenu ni ushindi wetu.

Na maaskofu hawakuwa watu wadogo. Wengi walitoka familia za maseneta wa Kirumi. Vyeo vya serikali vilipokauka, uaskofu ndio ulibaki kuwa kazi ya mwenye jina: unasimamia mji, unalisha maskini, unakomboa mateka, unaandika kwa mfalme. Aliyewapata maaskofu alipata miji, na nyaraka, na watu wanaojua kuendesha vitu.

Mwaka 507 Clovis akawapiga Wavisigothi pale Vouillé, mfalme wao Alaric II akafa vitani, na sehemu kubwa ya kusini-magharibi ikaja kwake. Mwaka 508 barua ya Kaisari Anastasius ikamkuta Tours ikimpa heshima ya ukonsuli, cheo cha zamani cha Kirumi. Clovis akavaa joho la zambarau ndani ya kanisa la Mtakatifu Martin, akapanda farasi, akawamwagia watu dhahabu na fedha njiani. Miaka 32 baada ya "kuanguka kwa Roma", Mfranki anavishwa heshima na Kaisari wa Roma na umati wa Galia unashangilia. Kisha akahamia Paris.

Mwalimu, jibu langu ni kwamba watu wa zama zile wasingelielewa swali letu. Mungu anayeshinda vita ndiye Mungu wa kweli, na kumfuata ni imani na ni akili ya utawala kwa pamoja.

---

#8 Wakili wa Mtaa

Sasa umenivuta. Niongeze kwa upande wangu wa sheria, maana hapa mambo yako wazi kwenye maandishi.

Wafranki waliandika sheria zao, Sheria ya Kisali (jina limetokana na Wasali, tawi moja la Wafranki), na inaaminika sehemu ya kwanza yenye vifungu 65 ni ya wakati wa Clovis. Imeandikwa kwa Kilatini, na ndani yake kuna maneno ya Kifranki ya mahakamani yaliyochomekwa hapa na pale. Baada ya kifungu cha kuitwa barazani, kinachofuata ni wizi wa nguruwe, kwa undani wa ajabu: nguruwe anayenyonya, wa mwaka mmoja, jike mwenye watoto.

Msingi wake ni kitu tunachokifahamu vizuri Waswahili: dia. Mtu akiuawa, ukoo unalipwa ili kisasi kisiendelee. Kila mtu ana bei yake kwa solidi, sarafu ya dhahabu ya Kirumi. Mfranki huru ni 200. Mfranki aliye katika kundi la waapishwa wa mfalme ni 600. Mrumi mwenye ardhi ni 100. Lakini Mrumi anayekula meza moja na mfalme ni 300.

Kwa hiyo Mrumi wa kawaida ni nusu ya Mfranki, ila Mrumi wa mfalme anampita Mfranki wa kijijini. Ukaribu na mfalme unashinda asili. Hapo mleta uzi nakubaliana naye, ingawa sikuja na nia hiyo.

Vilevile humo kuna kifungu kinachosema ardhi ya Kisali isirithiwe na mwanamke. Kiliandikwa kwa ajili ya mashamba. Karne nyingi baadaye wanasheria wa Ufaransa walikigeuza kuwa sababu ya kumzuia mwanamke kurithi kiti cha enzi.

---

#9 Binti Ramani

Nimefurahi kuona dia imetajwa. Nina maswali mawili. Kwanza, kama Clovis aliunganisha yote hayo, mbona ramani za karne ya 6 zinaonyesha vipande vinne? Pili, hizo nywele ndefu, mbona zinatajwa sana?

---

#10 Msomaji wa Usiku

Dada, la pili linajibiwa ndani ya la kwanza.

Clovis alifariki Novemba 511. Ufalme ukagawanywa kwa wanawe wanne, wakakaa Reims, Orléans, Paris na Soissons. Tusiwacheke: kwao ufalme ulikuwa urithi wa ukoo kama shamba, na kila mwana ana fungu. Tena miji hiyo minne haiko mbalimbali, yote iko kaskazini, kila mmoja karibu na ndugu yake amwangalie.

Yule Chlodomer aliyepona utotoni alifia vitani mwaka 524, akaacha wana watatu wadogo mikononi mwa bibi yao Clotild. Wajomba, samahani, baba zao wadogo, Childebert na Chlothar, wakawachukua kwa hila, kisha wakamtumia bibi vitu viwili: mkasi na upanga uliochomolewa. Achague. Mkasi maana yake wanyolewe nywele, na aliyenyolewa hawezi kuwa mfalme. Clotild, kwa uchungu, akasema kama hawatatawala ni heri awaone wamekufa. Chlothar akawaua wawili kwa mkono wake, mmoja wa miaka kumi na mwingine saba. Wa tatu, Chlodovald, aliokolewa, akajinyoa mwenyewe na kuwa mtu wa kanisa. Mji wa Saint-Cloud jirani na Paris umebeba jina lake.

Nirudi kwenye ardhi, maana niliahidi.

Wafalme hawa waliurithi utaratibu wa kodi wa Roma, na madaftari yalikuwepo. Lakini jeshi lao halikuwa la mshahara. Mfranki aliitwa vitani kwa wajibu, akalipwa nyara, na mkubwa akalipwa mashamba. Kodi ikabaki bila kazi ambayo mwananchi anaiona. Ukimwambia mtu lipa ili askari wa mpakani ale, atanung'unika na kulipa. Ukimwambia lipa hazina ya mfalme ijae, atauliza kwa nini.

Mwaka 579 mfalme Chilperic, mjukuu wa Clovis, aliagiza madaftari mapya, kodi ikiwa mtungi wa divai kwa kila kipande cha shamba la mizabibu, na nyinginezo. Watu wa Limoges wakaandamana, wakataka kumuua ofisa wa kodi, askofu akamwokoa, madaftari wakayachoma moto. Mfalme akawaadhibu vikali. Mwaka uliofuata ugonjwa wa kuhara damu ukaingia, wana wawili wa mfalme wakalala kitandani. Mama yao, malkia Fredegund, mwanamke ambaye Gregory hamsemi vizuri karibu popote, akamwambia mumewe kwamba machozi ya maskini ndiyo yanayowaua watoto wetu. Akaleta madaftari ya miji yake, akayatia motoni mwenyewe. Mfalme naye akayatupa ya kwake. Watoto wakafa hata hivyo.

Miaka tisa baadaye wakadiriaji walifika Tours, mji wa Gregory. Gregory akawaambia mji huu ni wa Mtakatifu Martin, haulipi. Mfalme wa wakati huo, Childebert II, akakubali.

Hivyo ndivyo kodi ya Roma ilivyokufa Galia: mji mmoja baada ya mwingine ukiomba msamaha, hadi haikubaki na uzito. Mfalme akabaki na mashamba yake. Akitaka kumvuta mkubwa upande wake, anampa shamba. Akipigana na ndugu yake, anatoa zaidi. Kodi hurudi kila mwaka, lakini shamba ulilotoa limekwenda, na aliyelipokea atamwachia mwanawe.

---

#11 Faranga Mia

Salamu kutoka Bukavu. Kwetu tunajua kumlipa mkubwa kwa ardhi kunavyoacha deni kwa wajukuu. Naomba utuambie kwa kifupi: falme nyingine zilikwendaje? Na Wafranki waliishia wapi?

---

#12 Msomaji wa Usiku

Kaka, karibu sana.

Italia: Theodoric wa Waostrogothi alimuua Odoacer karamuni Ravenna mwaka 493, akatawala hadi 526 akiendesha ofisi za Kirumi karibu zilivyokuwa. Baadaye Kaisari Justinian akaivamia Italia, vita vikachukua karibu miaka 20. Vita hivyo vya kuirudisha Roma viliiumiza Italia kuliko Wagothi walivyowahi kuiumiza. Karthago ilirudishwa mapema, mwaka 533. Hispania: mfalme Reccared aliwaleta Wavisigothi katika Ukatoliki mwaka 589 kwenye baraza la Toledo, na ufalme wao ukadumu hadi majeshi ya Waislamu yalipovuka kutoka Afrika mwaka 711. Uingereza ni habari tofauti, kule ofisi za Kirumi zilipotea kweli, na wafalme walianza chini kabisa. Lakini tazama: Aethelberht wa Kent, aliyempokea mmisionari Augustine mwaka 597, mke wake Bertha alikuwa kitukuu cha Clovis, na alikuja na askofu wake kutoka Galia.

Na mwisho wa ukoo wa Clovis. Karne ya 7 mashamba ya kifalme yalizidi kupungua, na wasimamizi wa nyumba ya mfalme, hao ndio waliogawa kilichobaki, wakawa wakubwa kuliko mwenye nyumba. Ukoo mmoja wa wasimamizi ulishinda wengine pale Tertry mwaka 687. Msimamizi wa ukoo huo, Pippin, alituma watu Roma kumuuliza Papa Zachary kuhusu wafalme wasio na mamlaka. Papa akajibu kwamba ni afadhali aitwe mfalme yule mwenye mamlaka. Mwaka 751 Pippin akawekwa kuwa mfalme. Mwanawe ni Charlemagne.

Einhard, aliyeandika akiwa mtu wa nyumba hiyo mpya na hivyo ana sababu ya kuidharau ya zamani, anasema mfalme wa mwisho alibaki na shamba moja tu la mapato kidogo, na akitaka kwenda mahali anapanda gari la kukokotwa na ng'ombe. Jina lake lilikuwa Childeric, wa tatu. Walimnyoa nywele, wakamweka katika nyumba ya watawa.

---

#13 Binti Ramani

Na ile pete ya Childeric wa kwanza? Iko wapi mtu akaione?

---

#14 Msomaji wa Usiku

Hazina ilipelekwa Vienna, kisha mwaka 1665 ikatolewa zawadi kwa Louis XIV wa Ufaransa, ikahifadhiwa maktaba ya kifalme Paris. Napoleon alipojitawaza mwaka 1804 alichukua wale nyuki kuwa alama yake, na nyuki wa mfano wao wakatariziwa kwenye joho lake. Usiku mmoja wa Novemba 1831 wezi waliingia maktaba ile. Dhahabu nyingi iliyeyushwa, nyingine ilitupwa mto Seine na kuokotwa sehemu ndogo. Pete ilipotea, tunaijua kwa nakala zilizochukuliwa kabla. Nyuki wamebaki wawili, wapo Paris, na vito vyao vyekundu bado vinang'aa.